Chupa ya Dola 500: Staa Kapigwa, au Bourbon ya Kuchanganya Ina Thamani Hiyo?

Wiki iliyopita staa mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye hata asipotajwa jina wadau wa mjini mshamjua, aliposti kideo akiwa sebuleni kwake na chupa ya bourbon aliyoibeba kutoka Marekani. Akaisogeza karibu na kamera, akagongagonga kizibo kwa kucha, halafu akataja bei: dola 500. Kwa pesa ya madafu hiyo ni zaidi ya milioni moja, kwa chupa moja ambayo haijazi hata lita.

Mashabiki wakagawanyika palepale. Wa upande mmoja wakasema mwacheni ale bata, jasho ni lake. Wa upande wa pili wakasimamisha kideo, wakakuza picha, wakasoma lebo. Wakakuta imeandikwa kwamba ni mchanganyiko wa bourbon za majimbo tofauti. Hapo ndipo kicheko kilipoanza. "Milioni nzima kwa kitu cha kuchanganya? Kaka kapigwa mchana kweupe!"

Katikati ya kelele hizo ikapita komenti moja fupi. Mpiga gitaa aliyezunguka naye mikoani mwaka jana aliandika: "Bro, ile yangu ya Mwanza vipi?" Baada ya saa kadhaa ikafutwa. Wengi hawakuiona, ila walioiona hawajaisahau.

Kwa hiyo mezani kuna maswali mawili, na watu wamejibu moja tu. Tena wamelijibu vibaya.

KUCHANGANYA SI KUCHAKACHUA

Hapa Bongo ukisema kitu kimechanganywa, mtu anawaza mafuta ya taa ndani ya dizeli. Kwenye bourbon mambo hayako hivyo. Sheria ya Marekani ni kali: ili kinywaji kiitwe bourbon lazima kitengenezwe Marekani, mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka, na kikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Kikiingia chupani kisiwe chini ya asilimia 40 ya kilevi. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuitambua bourbon kuwa bidhaa ya kipekee ya nchi hiyo.

Sasa, karibu kila bourbon unayoijua imechanganywa. Hata ile Jim Beam ya kawaida kaunta imetoka kwenye mapipa mengi yaliyomiminwa pamoja ili ladha ya leo ifanane na ya mwaka jana. Four Roses ya Kentucky wanatengeneza bourbon kwa mapishi 10 tofauti, wakitumia michanganyo 2 ya nafaka na aina 5 za hamira, na chupa zao nyingi ni mapishi hayo yakiwa yamekutanishwa. Isiyochanganywa ni ile ya pipa moja tu, na hiyo huandikwa wazi kwenye lebo.

Kwa nini basi chupa ya staa imeandikwa mchanganyiko na ya Four Roses haijaandikwa? Jibu liko kwenye mipaka. Ukichanganya bourbon halisi zilizotengenezwa jimbo moja, sheria haikulazimishi kuandika neno hilo. Ukichukua ya Kentucky ukaikutanisha na ya Indiana au Tennessee, lazima uandike, hata kama kila tone ni la daraja la juu.

Ila hapa kuna mtego ambao wanywaji wengi hawaujui. Lebo ikisema "Blended Bourbon" tupu, sheria inaruhusu karibu nusu ya kilichomo kiwe spiriti isiyo na ladha. Lebo ikisema "A Blend of Straight Bourbon Whiskeys", yote ni bourbon iliyokaa kwenye pipa angalau miaka 2. Tofauti ni maneno machache tu, lakini humo chupani ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya staa ni hii ya pili. Kwa hiyo waliosema kauziwa feki wamekosea.

FUNDI WA MAPIPA NI KAMA PRODYUZA

Mtu asiyeelewa kazi ya kuchanganya aende studio. Kinanda ni kizuri, ngoma nzuri, sauti nzuri, lakini asipokuwepo mtu wa kuvipanga ni fujo tupu. Kuna kampuni pale Louisville, Kentucky, inaitwa Barrell Craft Spirits, ilianza mwaka 2013. Haikupata jina kwa kupika pombe yake yenyewe. Ilipata jina kwa kununua mapipa ya wapishi wengine kutoka majimbo tofauti, kuonja, kuchagua na kuchanganya. Chupa zake nyingi zinauzwa Marekani kwa bei isiyofika dola 100, na toleo la Gold Label linafika kama dola 500. Watu wananunua, na wengi wao ni wanywaji wanaojua wanachokinywa.

Gharama nazo zipo, tusijidanganye. Pipa lina ujazo wa kama lita 200, na likishatumika haliruhusiwi kutengenezea bourbon tena, linauzwa kwa watengenezaji wa vinywaji vingine. Kila mwaka sehemu ya kilichomo inapotea hewani kwa kupenya kwenye mbao. Wenyewe wanasema malaika wamechukua mgao wao. Ukisubiri miaka 15 unaweza kufungua pipa ukakuta imebaki nusu au pungufu. Miaka yote hiyo ghala linalipiwa, na Kentucky ilikuwa inatoza hadi kodi ya mapipa yaliyolala, kodi ambayo sheria ya mwaka 2023 iliamua iondolewe hatua kwa hatua.

Kwa hesabu hiyo, kulipa dola 80 au 100 kwa mchanganyiko uliopangwa vizuri si ujinga. Ni bei ya kazi na ya muda.

HAPO JUU UNALIPIA KITU KINGINE

Shida inaanzia juu ya hapo. Chupa ya dola 500 haina ladha mara tano ya chupa ya dola 100. Hakuna ulimi wa hivyo. Sehemu kubwa ya pesa inayozidi inalipia uchache, sanduku, na ile raha ya kuwa nacho wakati mwenzako hana.

Waangalie Wamarekani wenyewe walivyochanganyikiwa na uchache. Pappy Van Winkle, ambayo si mchanganyiko wa majimbo, bei inayopendekezwa ni dola mia kadhaa, lakini mtaani watu wanaiuza kwa maelfu. Mwaka 2023 mkuu wa mamlaka ya pombe ya jimbo la Oregon aliachia ngazi baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa maofisa walikuwa wakijiwekea pembeni chupa adimu kama hizo, ambazo wananchi wa kawaida walikuwa wanazitafuta na kuzikosa. Hawakuziiba, walizilipia. Mtu na cheo chake kizima akaharibikiwa kwa sababu ya nafasi ya kununua chupa. Ukiona hivyo ujue si kiu tena.

Kwa hiyo staa hakupigwa kwa maana ya kuuziwa kitu kibovu. Amenunua kitu kizuri kwa bei ambayo sehemu yake kubwa haihusiani na kinachonyweka. Kama ni sherehe ya albamu, akaifungua na watu wake, wakanywa taratibu huku wakikumbuka walikotoka, hiyo ni pesa yake na kumbukumbu yake. Kama ni ya kusimamishwa kwenye kabati la vioo ipigwe picha, au ya kumwagiwa soda na barafu kibao klabu, basi ya dola 30 ingetosha na hakuna ambaye angejua.

TURUDI MWANZA

Kuna jambo moja kuhusu chupa hizi za kuchanganya ambalo linafaa lisomwe mara mbili. Mara nyingi lebo inataja kwa herufi kubwa jina la aliyechanganya. Aliyepika utaambiwa jimbo tu, na jina lake hulikuti popote. Kuna kiwanda kikubwa pale Lawrenceburg, Indiana, ambacho kwa miaka mingi kimetengeneza pombe inayouzwa kwa majina ya kampuni nyingine kibao. Kile kiwanda hakilalamiki, kwa sababu moja: kilishalipwa kabla pipa halijatoka getini.

Hapo ndipo staa alipoachwa nyuma na chupa yake mwenyewe. Mpiga gitaa naye jina lake halipo kwenye bango, na pengine hakulidai. Alichodai ni malipo ya usiku mmoja wa kazi. Kwa viwango vinavyojulikana mjini, malipo ya mpiga gitaa kwa shoo moja ya mkoani hayafiki hata nusu ya chupa ile.

Bourbon hiyo ina thamani ya dola 500 kwa mtu ambaye hana deni la waliomfanyia kazi. Kwa mwenye deni la namna hiyo, hata ya dola 30 ni ghali, kwa sababu anainywa kwa pesa ya mwenzake. Na kwa kijana wa mjini anayeangalia kideo kile huku anapiga hesabu za kukopa kwenye simu ili naye asimamishe chupa mezani Jumamosi, ajue kwamba anachokiiga ni picha tu, riba ataikuta asubuhi peke yake.

Komenti ilifutwa, ila deni halifutwi kwa kidole. Staa bado ana muda. Ampigie jamaa simu, amtumie chake, amwite sebuleni, ndipo afungue ile chupa. Itakuwa tamu kuliko ilivyoandikwa kwenye lebo.

Wewe mdau unasemaje? Chupa ya milioni ungeinunua, au ungeanza na gitaa la Mwanza? Dondosha maoni yako hapo chini, na tafadhali bila matusi.