Nani Alilinda Lori, Nani Alilipwa?

Na Salma Kibwana

Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2001, makomando 12 wa Marekani walishushwa na helikopta katika bonde la Darya Suf, kaskazini mwa Afghanistan. Njia za kule hazikupitika kwa gari, wakapanda farasi wadogo wa wenyeji, wenye matandiko ya mbao, wakafuatana na wapiganaji wa Jenerali Dostum, mbabe wa vita wa huko aliyepigana na Taliban. Wenzao wa shirika la ujasusi, CIA, walikuwa wametangulia bonde la Panjshir mwezi Septemba, na dola milioni 3 taslimu.

Kikosi kidogo hakitembei na ghala. Mchele, dizeli na wanyama wa kubeba mizigo kitavitafuta sokoni, na sioni ubaya wowote hapo, mradi muuzaji alipwe papo hapo, asiambiwe arudi kesho. Jeshi la Marekani lina kanuni ninayoiheshimu sana: ofisa anayeagiza bidhaa hagusi fedha. Mlipaji ni mtu mwingine, na kila ununuzi una hati yake. Hatari inayobaki ni siri kuvuja. Agizo la maharage likipanda ghafla kutoka magunia mawili hadi matano, muuzaji anajua kambi imepokea watu, na jioni hiyo soko zima litajua.

Balaa kubwa zaidi ilikuja vita vya Afghanistan vilipopanuka na ununuzi ukageuka mikataba. Juni 2010, kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilitoa ripoti kuhusu mkataba wa usafirishaji wa dola bilioni 2.16, uliogawiwa kampuni 8. Malori ya wenyeji ndiyo yaliyobeba zaidi ya asilimia 70 ya mahitaji ya askari, na ulinzi wa njiani uliachiwa mkandarasi. Mkandarasi akawalipa wababe wa vita ili apite salama, na wachunguzi waliona dalili kwamba sehemu ya fedha hizo iliwafikia Taliban. Inauma: kodi ya mwananchi ilinunua chakula cha askari, na njiani huenda ikamnunulia adui risasi.

Nasi Afrika Mashariki tumepeleka askari nje: wa Uganda waliingia Somalia mwaka 2007, wa Kenya 2011; wa Tanzania wakaenda Kongo mwaka 2013. Kamati za ulinzi za mabunge yetu zinapokagua matumizi ya misheni za namna hii, zisiishie kwenye bei ya lita ya dizeli. Ziulize lori lilipita wapi, nani alililinda, na fedha yake ilitoka mfuko gani.