SHUSHENI DISHI KABLA HALIJAMSHUSHA BABA

SEHEMU YA 1

Leo siandiki kuhusu uji wa mtoto wala kliniki. Naandika kuhusu dishi la tivii lililoko juu ya bati lako. Najua wengine mtacheka. Chekeni, ila msome mpaka mwisho, nimezigawa sehemu tano.

Mimi ni nesi. Kuna usiku mmoja wa mvua nikiwa zamu aliletwa kijana, baba wa mtoto mmoja. Alikuja kwa bodaboda, mshikaki: dereva mbele, yeye katikati, kaka yake nyuma kamkumbatia asianguke. Kichwa kinaning'inia. Mke wake alifuata na bodaboda nyingine, mgongoni kabeba kichanga cha miezi minne, kalowa chapachapa.

Nikauliza, "Amefanyaje?" Mama yule akanijibu, "Picha ilikuwa inaganda." Nikauliza tena, akarudia hivyohivyo: "Picha ilikuwa inaganda, nikamwambia baba nanii kaangalie dishi." Usiku kucha alikuwa anaisema hiyo sentensi kama vile anajishtaki polisi.

Yule kijana alikuwa hasikii kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Akapewa rufaa kwenda Mwanza. Sitataja jina lake, kijiji wala mwaka, hiyo ni siri ya mgonjwa. Nawaambia tu kilichofuata: waliuza mbuzi, wakauza ng'ombe, mwisho wakauza na hiyo tivii yenyewe.

Yule mama hana kosa. Alisema neno ambalo hata mimi nimelisema nyumbani kwangu, tena zaidi ya mara moja: "Hebu panda ukaangalie." Hasira yangu haiko kwake. Iko kwenye desturi yetu ya kupachika dishi juu ya paa, na kwa mafundi wanaoiendeleza huku wakijua haina sababu.

SEHEMU YA 2: MVUA IKINYESHA, HUKO JUU HAKUNA CHA KUTENGENEZA

Sikilizeni hili, kwa sababu ndilo linaloumiza wengi. Huku kwetu mvua zinaanza Novemba hivi mpaka Aprili. Wingu likitanda kutokea Kahama, tivii za Didia zinaanza kuganda. Kinachotokea ni kwamba mawimbi yanayotoka kwenye satelaiti yanapita ndani ya mvua, na matone ya maji yanayapunguza nguvu. Mvua ikiwa nzito sana, yanayofika kwenye dishi hayatoshi kutengeneza picha. Dishi halijasogea wala kichwa chake hakijafa. Mvua ikipungua, picha inarudi yenyewe.

Kwa hiyo ukimpandisha mumeo kwenye mvua akageuze dishi, unampeleka kutengeneza kitu kizima. Tena atakiharibu, maana dishi lililokuwa limelenga vizuri ameshalisogeza, na mvua ikikatika sasa ndiyo hakuna picha kabisa. Ndipo anapanda mara ya pili.

Na anapanda juu ya nini? Bati la geji 30 lililolowa ni kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Akikanyaga nje ya mbao, linabonyea. Mbao yenyewe mchwa kashaila miaka miwili iliyopita na hakuna aliyepanda kukagua. Kama nyaya za nyumba zilifungwa kienyeji, kuna nyumba bati lenyewe lina umeme, na maji ya mvua yanazidisha hatari.

Na juu ya hayo kuna radi. Watu wa Geita hawahitaji kuhadithiwa. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wakiwa shuleni. Wale walikuwa shule, hawakuwa wamesimama juu ya bati wameshika chuma. Wewe unamtoa mtu ndani ya nyumba unamsimamisha pahali pa juu kuliko pote kwenye mji wako, mkononi kashika bomba.

Sheria ya nyumbani kwangu sasa ni hii: wingu likitanda, kabla radi haijakaribia, tunazima tivii, tunachomoa plagi ukutani na tunachomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Radi ikishaanza kupiga karibu, hakuna wa kugusa waya. Tamthilia itarudiwa kesho, na hata isiporudiwa mashoga zako watakusimulia.

SEHEMU YA 3: HIVI NANI ALITUAMBIA DISHI LINATAKA PAA?

Hii nilielezwa na fundi mmoja mkweli, nikaenda kuihakiki mwenyewe kwenye ramani.

Satelaiti za tivii zinakaa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Sasa niambie, ukipandisha dishi mita nne juu ya bati, umepunguza nini kwenye hizo kilomita elfu 36? Hujapunguza kitu. Dishi halihitaji kwenda juu. Linahitaji kuiona mbingu upande satelaiti ilipo, bila mti wala ukuta katikati.

Na sisi tumebarikiwa. Mojawapo ya satelaiti zinazotuletea vipindi iko nyuzi 36 mashariki, na Shinyanga iko nyuzi 33 na ushee, karibu kabisa na ikweta. Maana yake hiyo satelaiti iko karibu utosini mwetu. Nyingine iko upande wa magharibi, lakini nayo iko juu sana kuliko paa la jirani. Mtu wa London dishi lake linaangalia chini kuelekea upeo, likazibwa na ghorofa na miti, yule ana sababu ya kulipandisha. Wewe wa Didia, dishi lako linaangalia juu. Likae chini tu uani, litaona.

Sasa desturi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye antena za zamani. Zile zilikuwa zinapokea kutoka kwenye mnara wa ardhini, na kweli kwenda juu kulisaidia. Wote tunakumbuka: mmoja juu anageuza, mmoja dirishani anapiga kelele "hapohapo! rudisha! umepitiliza!" Kisha Tanzania ikaanza kuzima analojia, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, halafu mikoa mingine ikafuata. Ving'amuzi vikaingia, madishi yakaja, na sisi tukayapandisha palepale ilipokuwa antena. Hakuna aliyeuliza.

Na tuambiane ukweli, kuna na majigambo. Dishi juu ya bati linaonekana kutoka barabara ya Tinde. Watu wajue humu ndani kuna tivii. Haya, wamejua. Sasa likilegea, nani anapanda?

SEHEMU YA 4: MTASEMA

Mtasema, "Nesi, dishi la chini litaibiwa." Hoja hii naiheshimu, wezi wapo. Basi lifunge kwenye ukuta wa uani, ndani ya uzio, usawa ambao mtu mzima anafika akiwa amesimama chini. Mwizi anayeruka uzio hashindwi na paa pia. Na hata likiibiwa, utanunua lingine. Uti wa mgongo haununuliwi.

Mtasema, "Mbuzi na watoto watalichezea." Zungushia miiba kama unavyozungushia bustani ya mchicha. Waya upitishe kwenye bomba la plastiki, usiuache unaning'inia.

Mtasema, "Mimi situmii dishi, natumia antena." Sawa, antena inanufaika ikiwa juu. Lakini juu siyo lazima iwe paa. Chimbia nguzo pembeni ya nyumba, mlingoti uufunge kwa bolti mbili kwenye hiyo nguzo. Antena ikivunjika, unatoa bolti moja, mlingoti unalala chini, unabadilisha antena ukiwa umesimama kwenye ardhi, unauinua tena. Kazi hiyo inataka watu wawili na mchana mkavu. Ila angalia kwanza nyaya za umeme ziko wapi. Mlingoti hata ukianguka wote usiweze kuzifikia. Zile nyaya kubwa za njiani zina volti 11,000 au 33,000, bomba lako likizigusa hakuna cha kumuwahisha hospitali.

Mtasema, "Fundi ni ghali, baba atapanda mwenyewe." Kwanza, kabla ya fundi na kabla ya baba, angalieni chini. Kifurushi kimeisha? Msicheke, ni mara ngapi mtu kapanda juu kumbe hela imeisha. Waya nyuma ya king'amuzi umelegea? Ncha yake ina kutu? Mtoto kauvuta? Panya kautafuna? Mimi mara ya mwisho ilikuwa mbuzi, kautafuna palepale unapoingilia dirishani. Hakukuwa na haja ya mtu kupanda popote.

Ikibidi fundi aje, mwite, na maneno yako yawe mawili tu: "Lishushe. Ulifunge huku chini." Akikwambia chini halishiki, mwambie alijaribu mbele yako. Dakika kumi zinamtosha kukuonyesha. Na yule fundi naye ni mtoto wa mtu. Anapanda pekupeku bila kamba kwa elfu kumi na tano yako, akianguka mkewe atakuja kukaa kwenye benchi lilelile.

Jambo la mwisho hapa, na hili sitalibembeleza: usimpandishe mtoto. Nimesikia mama anasema, "Huyu ni mwepesi, bati halibonyei." Mama, huo wepesi wake haumsaidii akifika chini.

SEHEMU YA 5: AKISHAANGUKA

Nisingetaka mfike hapa, ila kuna watakaofika, na mengi yanaharibikia kwenye dakika kumi za kwanza.

Kama kashika umeme, usimguse. Zima meni switchi kwanza. Kama ni nyaya za njiani, kaeni mbali wote, pigeni simu shirika la umeme, zuieni watoto.

Kama kaanguka, msimkalishe. Msimsimamishe "tuone kama anaweza kutembea". Msimpe maji wala soda. Msimchue kwa maji ya moto wala mafuta. Kama anapumua na mahali pale hapana hatari, mwacheni alivyolala, mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, mwambieni asijitikise. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi. Akianza kutapika, mgeuzeni kiubavu kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikienda kama gogo moja.

Kumbeba, ng'oeni mlango. Ndiyo, mlango wa mbao. Mviringisheni watu wanne kwa pamoja, mlango uingie chini yake, afungwe kwa kanga. Tafuteni gari analoweza kulala: kirikuu, Noah iliyotolewa viti, hata guta kama hakuna kingine. Bodaboda hapana. Ukimkalisha mtu mwenye shingo au mgongo uliovunjika katikati ya mshikaki kwenye barabara yenye mashimo, kile kilichobaki salama mnakimalizia njiani. Nawaza hivyo kila nikimkumbuka yule kijana: je, alianguka na miguu yake bado inasikia, ikazimikia njiani? Sitajua. Na mke wake hatajua.

Namba 115 ya m-mama mnayo kwenye simu zenu, na ile ni ya mjamzito, mama aliyejifungua na kichanga. Kwa ajali ya nyumbani, jueni leo, kabla ya shida, nani mtaani ana gari na simu yake ni ipi. Iandike ukutani.

Basi nimemaliza. Mvua bado, jua linawaka, bati limekauka. Sasa hivi ndiyo wakati wa kumwita fundi alishushe, asubuhi, kwa ngazi nzima iliyoshikiliwa chini na mtu mzima. La kwangu liko uani karibu na kamba ya nguo. Asubuhi nikianika nguo za mtoto nalifuta vumbi na kitambaa, na nimesimama chini.

Mtumie mama mmoja unayemjua ambaye dishi lake bado liko juu. Atakuchukia leo, siku moja atakushukuru. Na kama kwako lipo, acha kusoma, toka nje ukaliangalie. Kuliangalia tu. Usipande.