Mtaji Haufi Usiku Mmoja
Wiki hii Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya, matangazo mapya ya mikopo ya haraka yamebandikwa juu ya ya zamani, na muuza viazi mmoja akasema akiba yake siku hizi ni mbegu na mbolea. Mwandishi wa safu hii hakumbishia. Mkoa huu wa Njombe una kumbukumbu. Januari 4, 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano zenye upungufu wa mtaji, ikiwemo Benki ya Wananchi Njombe, NJOCOBA. Fidia ya bima ya amana wakati huo iliishia shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Baadaye ikapandishwa hadi milioni 7.5. Lakini mwaka ule, mwenye zaidi ya milioni 1.5 alisubiri ufilisi. Mtunza cha mwenzie halali fofofo, na mtaji haufi usiku mmoja: hupungua robo baada ya robo. Benki huchapisha mizania magazetini, kwa lugha isiyomfikia mkulima. Mkurugenzi yeyote anayeendelea kupokea amana dirishani huku akijua shimo limefika wapi, akanyamaza, anamdanganya mteja, hata kama fomu zote zina sahihi na mihuri.