Kabla Hujanunua Kontroli Boksi, Lipa Mtu Apime Waya

Wasee wa Bisil, Kajiado na Kitengela, leo naongea na yeyote mwenye Probox, Noah ama Vitz, au mwenye mzazi anayo moja inamlipia karo. Kuna sentensi moja imekula pesa nyingi sana kwa hii barabara ya Namanga: "Hapa kontroli boksi imeenda." Ikishatamkwa, mazungumzo yameisha. Mwenye gari anatoa simu pole pole, anaanza kutafuta watu wa chama.

Mimi naona hiyo sentensi inatamkwa mapema mno. Na lawama si ya fundi pekee, nitafika hapo.

Kwanza tuelewane. Kontroli boksi ni kompyuta ya injini, ECU. Inasoma sensa, inaamua petroli kiasi gani iingie na plagi ichome saa ngapi. Ndani yake hakuna kitu kinazunguka, kwa hivyo haichakai kama beringi. Inaweza kufa, ndio. Mwaka 2010 Toyota iliyaita tena magari kama milioni 1.13 ya Corolla na Matrix huko Marekani na Kanada, ya modeli za 2005 hadi 2008, kwa sababu ndani ya kompyuta ya injini kungeweza kutokea nyufa kwenye viungo vya lehemu. Gari ingekataa kuwaka, ama izime ukiwa barabarani. Kwa hivyo siwaambii ECU hazifi. Nawaambia zinazikwa nyingi kuliko zinazokufa.

Na huku kwetu tunaziua wenyewe. Unapeleka Probox iwekewe keria ya mizigo, jamaa anachomelea chuma kwa bodi betri ikiwa bado imefungwa. Buda, toa nyaya za betri kwanza, na kama kazi ni kubwa chomoa soketi za ECU pia. Ama betri imekufa, mtu anakuja na nyaya za kuazima moto, anabadilisha chanya na hasi. Ama unaosha injini na presha kama unaosha trela, maji yanaingia kwa soketi, wiki ijayo unaanza kuona gari inakohoa. Panya nao sitawataja sana, lakini waya za injini wanazipenda.

Sasa sikia hii. Anko yangu ana Probox ya kubeba wafanyabiashara kuja soko la Bisil. Asubuhi moja ikakataa kuwaka. Ukifungua swichi, ile taa ya injini kwa dashibodi haiji kabisa. Gereji ya kwanza wakachomeka mashine, mashine haikuongea na gari. Hukumu ikatolewa hapo hapo: kontroli boksi. Gari ikalala wiki mbili. Anko akaanza kuuliza bei ya mitamba wawili aliokuwa amewawekea mipango mingine kabisa, na nyumbani hakuna aliyekuwa anaongea sana wakati wa chakula.

Kijana mmoja fundi wa waya akaletwa kutoka Kitengela. Hakuwa hata na mashine kubwa, alikuwa na multimita na taa ya kichwani. Akapima betri, volti 12.6, iko sawa. Akapima fyuzi na rilei zinazopelekea kompyuta moto. Sawa. Akapima athi, yaani zile waya za kurudi kwa bodi, na akazipima mtu akiwa anapiga stata, kwa sababu athi mbovu hujificha mpaka mzigo uje. Sawa pia. Hapo wengi wangesema basi, ni boksi. Yeye akaingia kwa laini ya volti 5.

Hii ndio sehemu nataka mshike. Kompyuta hutoa volti 5 kwenda kwa sensa kadhaa, na mara nyingi zinagawana laini moja. Sensa moja ikipiga shoti, ama waya yake ikigusa bodi, zile volti zinaanguka kwa wote. Kwa Toyota nyingi, hilo likitokea kompyuta inaonekana maiti: taa ya injini haiji, mashine haisomi, gari haiwaki. Lakini boksi iko hai, imekabwa tu shingo. Kijana akapima, akapata karibu sifuri. Akafungua swichi, akaanza kuchomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine huku anko akiangalia dashibodi. Walipochomoa ya throtoli, taa ikawaka.

Waya ilikuwa imesuguana na chuma mpaka ganda likaisha. Akaikata, akaiunga vizuri, akaifunga mbali na kile chuma. Saa mbili, kazi imeisha. Akaomba elfu mbili.

Na unajua wazee waliokuwa wamekaa pale walisema nini? Ati ni nyingi, "si ameunga waya tu."

Hapo ndio lawama yetu iko. Hatupendi kulipa mtu afikirie. Tunalipa kitu tunachoweza kushika: plagi, pampu, boksi. Fundi akitumia saa tatu kupima kisha akuambie boksi yako ni nzima, unamwambia asante na unaondoka na gari yako. Akikuuzia boksi, ana kitu anapata. Sasa wewe ukiwa yeye, na kodi ya gereji inangoja, utapima? Mafundi wabaya wako, lakini kuna wazuri tumewafundisha ubaya kwa kukataa kuwalipia upimaji. Kubalianeni bei ya kupima kabla boneti ifunguliwe, iwe iko peke yake, na iwe inalipwa hata kama hakuna kitu kimenunuliwa.

Halafu tunashangaza. Mtu wa Bisil hawezi kununua ng'ombe sokoni bila kumfungua mdomo aone meno, amtembeze, amzunguke mara tatu, aondoke, arudi. Huyo huyo anaenda Kirinyaga Road, anapewa ECU imefungwa kwa karatasi ya nailoni, haina kurudisha, analipa.

Kuhusu mashine, hata zile ndogo za bluetooth za kuchomeka mwenyewe: zitumie, lakini kodi si hukumu. U0100 inasema vifaa vingine kwa gari vimepoteza mawasiliano na kompyuta ya injini. Inaweza kuwa boksi, inaweza kuwa fyuzi. P0606 ndio inalenga kompyuta yenyewe, na hata hiyo pima moto na athi kwanza. Dalili nyingine ya maana ni gari inayozima ikipata joto na kuwaka ikipoa. Inaweza kuwa lehemu imepasuka ndani ya boksi, lakini sensa ya krenki pia ina tabia hiyo hiyo, na bei zao haziko jirani.

Sawa, tuseme umepima kila kitu na kweli imekufa. Swali la kwanza si bei, ni nini iliiua. Kama koili ama injekta ilipiga shoti ikachoma boksi, ukiweka nyingine bila kugusa hiyo koili, utachoma mbili. Pili, namba. Kwa Toyota, namba ya kompyuta ya injini huanza na 89661, na zile tarakimu za mbele lazima zilingane na zako. Injini kufanana haitoshi. Ya gia za mkono si ya otomatiki. Tatu, ufunguo. Kama gari yako ina imobilaiza, boksi ya mtumba inakuja ikijua ufunguo wa mtu mwingine. Gari inaweza kupiga stata vizuri na isiwake, ama iwake sekunde moja na kuzima, kisha uambiwe hiyo boksi pia ni mbovu. Kumbe inakungoja usajili ufunguo wako, ama data itolewe kwa boksi ya zamani iwekwe kwa hii mpya.

Ndio maana ile ya zamani usiiache gereji, hata wakikuambia ni takataka. Iweke kwa mfuko mkavu, andika namba ya gari juu, upeleke nyumbani.