Staa, Yai Lililolipuka na Dada wa Kazi: Nani Alistahili Kuchekwa?

Wiki hii mjini klipu ni moja tu. Staa wa filamu mwenye mtoto wa miezi sita karekodi maikrowevu yake mpya ikiwa imetapakaa yai mpaka juu, halafu kamera ikamgeukia dada wa kazi, binti aliyetoka mkoani juzi juzi, kashika kitambaa, macho chini. "Samahani dada, sikujua," anasikika. Bosi anacheka. Komenti ndo usiseme: mshamba huyo, mpandishe basi arudi kwao.

Haya, binti wa watu kakosa nini? Maisha yake yote kachemsha yai na ganda lake na halijawahi kumlipukia mtu. Kwenye sufuria joto linaingia taratibu kutoka kwenye maji. Maikrowevu haina mambo hayo. Mawimbi yanapenya na kuchemsha maji yaliyomo ndani ya yai lenyewe, mvuke unakosa pa kutokea, ganda linapasuka. Na bora lilipasukia mle ndani, maana mengine yanatulia kimya mpaka mtu ayatoe na kuyang'ata, ndo yanamlipukia usoni. Hata lililomenywa lisipashwe zima, likatwe kwanza.

Kwanza hata aliyegundua upishi huu yalimkuta. Percy Spencer, Mmarekani aliyeacha shule akiwa mdogo, alikuwa kwenye kazi za rada mwaka 1945 chokoleti ikamyeyukia mfukoni. Inasimuliwa kwamba katika majaribio yake ya mwanzo yai lilimlipukia mwenzake usoni. Huyo hakuitwa mshamba, aliitwa mvumbuzi.

Sasa rudini kwenye klipu, mtazame mwishoni. Bosi mwenyewe anatoa chupa ya maziwa ya mtoto kwenye maikrowevu hiyo hiyo, anaigusa kwa nje, anampa mtoto. Komenti zote zile na hakuna aliyeona! Maikrowevu haipashi sawasawa, inaunguza hapa na kuacha baridi pale, ndo maana ile sahani ya ndani inazunguka. Chupa inaweza kuwa ya vuguvugu mkononi wakati maziwa ya katikati yanaunguza ulimi. Chupa ya mtoto inawekwa kwenye bakuli la maji ya moto, inatikiswa, tone linadondoshewa kwenye kifundo cha mkono kwanza. Yai lilichafua ukuta, ukuta unafutika. Koo la mtoto je?

Wengine kwenye komenti walikuwa bize na mionzi na kansa. Mawimbi yale ni ndugu wa mawimbi ya redio, mlango ukifunguliwa yanazimika na hayabaki kwenye chakula. Cha kuchunga ni mlango wenyewe: ukipinda au usipofunga vizuri, mashine isiwashwe hadi fundi aione.

Na yale makopo ya siagi na aisikrimu yanayohifadhia maharage kila nyumba hapa mjini, hayakutengenezwa kwa moto, yawekwe pembeni, atumie bakuli la kioo au la udongo. Foili, sufuria na zile sahani za wageni zenye urembo wa dhahabu zitatoa cheche. Wali unyunyiziwe maji kidogo, ufunikwe bila kubanwa, ukifika nusu ugeuzwe, ukitoka utulie dakika moja mbili ili joto lisambae. Wali uliolala mezani tangu mchana wa jana utupwe tu, kuna sumu za bakteria ambazo moto hauziondoi. Chapati? Ipelekwe kwenye frampeni, maikrowevu inaigeuza kandambili.

Haya yote kuyaonesha ni dakika kumi, bosi na dada wake wamesimama pamoja jikoni siku mashine inaingia. Hakuna aliyezaliwa anayajua. Badala yake binti kaachiwa vitufe vya Kiingereza, kakosea, karushwa kwa maelfu ya watu wasiomjua, na mama yake huko kijijini huenda kashaoneshwa na jirani mwenye simu. Klipu hadi leo haijafutwa.

Na kwa wenye macho makali: kile kitabu cha maelekezo kinaonekana juu ya friji, bado kipo ndani ya nailoni yake. Haya wadau, anayetakiwa kuomba radhi hapa ni nani?