Kabla hujamnunulia mama simu ya kisasa

Ukitaka kujua kama mtu anafanya kazi kwenye kampuni ya teknolojia, msikilize akiongea kuhusu simu. Huku kwetu saa ya chakula, meza nzima ni hiyo stori: nani ana kamera gani, chaji ya nani inafika jioni, nani amehamia programu gani mpya. Halafu mmoja anatoa kabambe mfukoni, ile yenye tochi, na meza inacheka.

Kicheko chenyewe hakina ubaya. Shida ni wazo lililo nyuma yake: kwamba yeyote ambaye bado anatuma pesa kwa kubonyeza nyota na reli ameachwa nyuma, na kazi yetu ni kumvuta afike kwenye simu ya kugusa. Mimi nilisomea uuzaji, na darasani tulifunzwa vizuri sana jinsi ya kumfanya mtu aone alichonacho ni kizee. Kwenye mambo ya pesa, nadhani somo hilo linatupotosha. Na kwa kuwa wengi wetu ndio tunaowanunulia wazazi simu, nakuomba dakika tano kabla hujaingia dukani.

Vitufe viwili vilivyosubiri kazi

Angalia kitufe cha nyota na kile cha reli, au hash kama wengi tunavyoita. Viliingia kwenye simu za mezani huko Marekani mwaka wa 1968. Simu za vitufe zilizotangulia, za mwaka wa 1963, zilikuwa na vitufe kumi tu, sifuri hadi tisa. Wahandisi waliongeza hivyo viwili wakiwaza siku ambayo mtu angetumia simu kuongea na kompyuta, si na binadamu mwenzake peke yake. Mtu wa kawaida hakuwa na kazi kubwa navyo kwa miaka mingi.

Sasa nenda Gikomba au Kongowea umwangalie mama mboga akilipia mzigo. Nyota, tarakimu tatu, reli, na kompyuta iliyo mbali inamjibu papo hapo na kumuuliza anataka nini. Hilo ndilo lile wazo la 1968, na linafanya kazi kwenye simu ambayo betri yake inakaa siku kadhaa.

Kinachotokea ukibonyeza

Menyu hiyo inaitwa USSD. Imo ndani ya mfumo wa GSM, ule ule unaobeba simu na SMS zako, kwa hiyo haihitaji bando. Ujumbe wake mmoja hauzidi herufi 182. Ndiyo maana menyu huongea kwa mkato, na mara nyingine hukuambia ubonyeze nambari fulani ili uone mengine.

Kuna tofauti moja na SMS ambayo wengi hawaijui. SMS ikikukuta umezima simu, mtandao unaiweka hadi uwashe. USSD haiwekwi popote. Ni mazungumzo ya ana kwa ana kati ya simu yako na kompyuta, na yakikatika yamekatika. Ukichelewa kujibu kwa sababu mteja amekusalimia, menyu inafunga. Hiyo si hitilafu ya simu yako, mfumo umetengenezwa hivyo.

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini yenyewe. Hapo ndipo palikuwa na ujanja. Simu haikuhitaji kuwa na akili yoyote, ilihitaji tu kuwa na nafasi ya kuweka ile laini. Mtu wa Lodwar mwenye simu ya bei ya chini alipata huduma ile ile ya mtu wa Westlands. Sidhani kuna kitu kingine cha teknolojia nchini kilichowahi kutugawia sawa namna hiyo.

Simu mpya, milango mipya

Sasa tuseme umempelekea mama simu ya kugusa ushago. Amefurahi, anaona picha za wajukuu, anapiga simu za video. Hayo ni mazuri na siyapingi. Lakini angalia pia ni nini kingine umempelekea.

Kwenye kabambe, mtu anayetaka pesa za mama ana njia mbili kubwa: kumpigia au kumtumia ujumbe. Kwenye simu ya kugusa milango inaongezeka. Kuna viungo vya zawadi kwenye magrupu. Kuna programu za mikopo zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yote aliyoyahifadhi. Kuna kurasa zinazofanana na za benki yake. Wewe uliyekua na intaneti bado hushtuka ukiona baadhi ya hivyo vitu. Yeye ameanza jana.

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: usihamishe laini ya pesa siku ya kwanza. Iache kwenye kabambe. Simu mpya iwekee laini nyingine ya picha na maongezi. Baada ya miezi kadhaa, akishazoea kutambua kiungo kisichoeleweka na kukipuuza, muulize mwenyewe kama anataka kuhamisha. Akikataa, basi. Pesa ni zake.

Kuna watakaosema hiyo ni kuwadharau wazee. Mimi naona dharau iko kwa yule anayemwachia mtu simu mpya bila kumweleza chochote, kisha anamlaumu pesa zikiondoka.

Kabambe si malaika

Tusidanganyane, kabambe ina shida zake. Kwa asiyeona vizuri au asiyejua kusoma, ile menyu ya maandishi madogo ni ukuta. Mwishowe anampa mjukuu simu, anamtajia na nambari ya siri, au anamwomba wakala ambonyezee. Ulinzi wote unaishia hapo. Kwa mtu asiyeona, simu ya Android yenye TalkBack, inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, inaweza kumpa uhuru ambao kabambe haiwezi. Kwa hiyo usiulize ni simu gani ya kisasa zaidi. Uliza ni ipi itakayomwezesha kuweka nambari yake ya siri mwenyewe bila mtu kuchungulia.

Shida ya pili ni ile ya menyu kukatika. Ikikatika baada ya kuweka nambari ya siri, watu wengi wanarudia haraka haraka, na hapo ndipo pesa hutumwa mara mbili. Menyu kufunga hakumaanishi ombi halikufika. Subiri ujumbe wa kuthibitisha. Usipouona, angalia salio kwanza, ndipo uamue kurudia.

Si kila nyota ni ya pesa

Hii ya mwisho ndiyo ningetaka uibebe nyumbani. Vitufe vya nyota na reli vina nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu vinaamuru pia mtandao wenyewe.

Kuna vya msaada. Bonyeza *#06# na simu itakuonyesha IMEI yake, tarakimu 15 zinazoitambulisha. Ziandike kwenye karatasi uiweke nyumbani. Simu ikiibwa, utakuwa na kitu cha kuwapa polisi zaidi ya kusema "ilikuwa nyeusi".

Kisha kuna vya kuogopa. Ukibonyeza **21* ukafuatisha nambari ya mtu na reli, umeamuru simu zako zote zielekezwe kwake. Huduma hiyo ni halali, imewekwa kwa mtu anayetaka kupokelewa simu zake mahali pengine. Mlaghai huitumia vingine. Anakupigia kwa sauti ya upole, anajifanya mhudumu, anasema laini yako ina tatizo na anakutajia hiyo nambari uibonyeze. Ukishabonyeza, mtandao au benki ikikupigia kukuthibitisha, ni yeye anayepokea. Hakuna kiungo ulichofungua na hakuna nambari ya siri uliyotaja. Umebonyeza vitufe tu, na ujanja huu unafanya kazi kwenye kabambe sawasawa na kwenye simu ya bei ghali.

Ukitaka kuangalia kama simu zako zimeelekezwa kwingine, bonyeza *#21#. Ukikuta zimeelekezwa na si wewe uliyeomba, bonyeza ##002# kufuta yote, kisha upigie mtoa huduma wako kwa nambari unayoijua wewe, si ile iliyokupigia.

Kanuni ni fupi, hata shosho anaweza kuishika: usibonyeze nyota unayotajiwa na mtu aliyekupigia. Kama ni shida ya kweli, mwambie utapiga mwenyewe. Mhudumu wa kweli hatakasirika. Mlaghai ataanza kukuharakisha, na huko kukuharakisha ndiko kutakakokuambia yeye ni nani.

Tufundishe kilichopo

Sisi wa teknolojia tunapenda kufundisha watu kitu kipya. Kila mwezi kuna programu mpya ya kueleza, na hilo ni sehemu ya kazi yangu. Lakini kuna watu wengi walio na menyu ya nyota na reli mkononi kwa miaka, wanaoitegemea kwa karo, mbolea na dawa, na hakuna aliyewahi kuketi nao kuwaeleza inavyofanya kazi. Walionyeshwa pa kubonyeza, hawakuelezwa sababu.

Kwa hiyo wikendi hii, ukiwa na mzazi au jirani mwenye kabambe, msifungue duka la simu kwenye mazungumzo. Angalieni pamoja *#21#. Andikeni IMEI. Mweleze kwa nini menyu ikikatika anafaa kusubiri. Mwulize pia kama kuna mtu mwingine anayejua nambari yake ya siri, na kama yuko, mbadilishe hapo hapo, yeye akibonyeza na wewe ukiangalia pembeni. Mambo hayo yote hayachukui nusu saa wala hayahitaji bando. Simu mpya inaweza kusubiri mwisho wa mwezi.