Taa za zenoni barabara ya Mpondwe: mwanga wa mmoja, hasara ya mwingine

KITSWAMBA, Kasese – Jua likishazama nyuma ya milima ya Rwenzori, giza huingia haraka katika barabara inayotoka Fort Portal kupitia Rwimi, Kitswamba na Hima hadi mjini Kasese. Ndiyo saa ambayo malori ya saruji yanaanza safari ya kuelekea mpakani Mpondwe, huku magari madogo ya wafanyabiashara yakirudi kutoka soko la Bwera yamesheheni watu na mizigo. Pembeni kuna baiskeli zisizo na taa, bodaboda zenye taa moja ya nyuma iliyokufa, na ng'ombe. Mbele zaidi, baada ya Kasese, barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, ambako nyati au tembo anaweza kuwa katikati ya lami bila kutoa taarifa.

Kwa mwenye gari katika njia hii, kutaka mwanga zaidi si anasa. Ndiyo maana seti za kubadilishia taa, zile za zenoni zijulikanazo kama HID, zimepata wateja wengi katika maduka ya spea ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 2000, kuanzia Kisekka mjini Kampala hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi. Siku hizi balbu za LED zimezisogeza zenoni pembeni katika rafu nyingi, lakini swali ni lile lile: je, mwenye Noah, Premio au Fuso afunge taa hizo, au abaki na zile alizokuja nazo kutoka Japani?

Fundi akiulizwa, jibu lake huwa fupi. Balbu ya kawaida ya halojeni aina ya H4 inatumia wati 55 katika mwanga wa chini na kutoa takriban lumeni 1,000. Balbu ya zenoni inatumia wati 35 tu na kutoa karibu lumeni 3,000. Umeme mdogo, mwanga mara tatu. Kwa hesabu hiyo pekee, biashara imekwisha.

Hata hivyo, hesabu hiyo inaacha kitu kimoja nje: taa ya gari si balbu peke yake. Ndani ya taa kuna kioo cha kuakisi kilichochongwa kufuata mahali hasa ulipo uzi wa balbu ya halojeni. Katika H4 kuna pia kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa mwanga wa chini, ambacho kazi yake ni kuzuia mwanga usipande juu na kuingia machoni mwa anayekuja. Balbu ya zenoni haina uzi. Mwanga wake unatoka katika cheche inayoruka kati ya nchi mbili za chuma ndani ya gesi, na cheche hiyo ina umbo tofauti na haikai pale pale ulipokuwa uzi. Ukiiweka ndani ya kioo kilichotengenezwa kwa ajili ya halojeni, mwanga unatawanyika. Sehemu inaangukia barabarani, sehemu inapanda juu ya miti, na sehemu nyingine, ambayo ndiyo kiini cha ugomvi wote, inampiga dereva wa upande wa pili usoni.

Magari yaliyotoka kiwandani na zenoni hayana tatizo hilo kwa sababu taa nzima ilibuniwa kwa ajili hiyo. BMW ilianza kuziuza mwaka 1991 katika gari lake kubwa la 7 Series, na Wajapani wakafuata. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48 inataka taa za mwanga wa chini zenye balbu ya zaidi ya lumeni 2,000 ziwe na mtambo wa kujirekebisha zenyewe gari linapoinama kwa mzigo, pamoja na mtambo wa kuzisafisha. Gari la Bwera lenye magunia manne ya samaki wa chumvi nyuma limeinua pua juu. Bila mtambo huo, taa yake inatazama mawinguni na machoni mwa watu. Marekani ilikwenda mbali zaidi: mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, ilishatamka kwamba hakuna seti ya kugeuza taa ya halojeni kuwa ya zenoni inayoweza kutimiza kiwango chao cha taa.

Tuchukue gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Hilo linamaliza mita 22 kila sekunde. Dereva akipofushwa kwa sekunde mbili tu amekwenda mita 44 bila kuona, na mwenye baiskeli anayetoka shambani Kitswamba hahitaji mita 44 kuuawa. Waganda hawajasahau ajali ya Kiryandongo ya Mei 2018, ambapo basi liligonga trekta lililokuwa barabarani usiku bila taa na zaidi ya watu 20 wakafa. Hapo tatizo lilikuwa giza, na mtu anaweza kusema ndiyo sababu ya kufunga taa kali. Lakini dereva aliyepofushwa na taa za mwenzake naye haoni trekta.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa spea hawalisemi, pengine kwa kuwa Kampala na Nairobi haliwahusu. Mpondwe ni mpaka ambako barabara hubadilisha upande. Uganda huendeshwa kushoto. Ukishavuka mto Lhubiriha na kuingia Kasindi, unaendesha kulia. Taa za magari ya Japani zimetengenezwa kwa nchi ya kushoto, kwa hiyo mwanga wake wa chini hukatwa upande wa kulia, aliko anayekuja, na kupanda kidogo upande wa kushoto ili kumulika waenda kwa miguu na alama za barabarani. Gari hilo hilo likifika upande wa Kongo, anayekuja yuko kushoto, yaani pale pale mwanga unapopanda. Kwa halojeni ni kero. Kwa zenoni iliyopachikwa ni kumwinulia mwenzako taa kamili kutoka Kasindi hadi Beni. Vivyo hivyo, gari lenye taa za Ulaya ya upande wa kulia likitoka Butembo kuja Kasese linawafanyia Waganda jambo hilo hilo.

Suala hili litazidi kuwa kubwa, si kupungua. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kazi ya kutia lami barabara ya Kasindi hadi Beni, yenye urefu wa kilomita 80, ilizinduliwa Mpondwe Juni 2021 na Rais Yoweri Museveni na Rais Félix Tshisekedi. Katika barabara ya matope magari hupishana kwa mwendo wa pole na taa mbaya husameheka. Lami huongeza mwendo.

Kiuchumi, taa hizi ni mfano wa bidhaa ambayo mnunuzi anapata faida na jirani analipa gharama. Aliyefunga anaona vizuri, au anadhani anaona vizuri. Mwanga mwingi unaoangukia mita chache mbele ya gari hufanya mboni ya jicho ijibane, na kule mbali aliko nyati kukaonekana cheusi zaidi kuliko awali. Anayekuja akishapofushwa mara tatu kwa usiku mmoja, kesho yake naye anakwenda dukani. Baada ya muda kila mtu ametoa fedha na hakuna anayeona kuliko mwanzo, isipokuwa muuzaji, ambaye anaona vizuri sana.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 inakataza kuendesha gari lililo katika hali ya hatari kiufundi, kosa ambalo madereva wanalifahamu kwa herufi tatu za Kiingereza, DMC. Tatizo ni upimaji. Askari wa barabarani akisimama Hima usiku hana kifaa cha kupimia mwelekeo wa taa, anabaki kukadiria kwa macho. Ukaguzi wa lazima wa magari uliokabidhiwa kampuni ya SGS ulikwama mwaka 2017 baada ya Bunge kuingilia kati. Magari yaliyotumika hukaguliwa kabla ya kusafirishwa kutoka Japani, lakini seti hufungwa baada ya gari kufika, na hapo hakuna anayelitazama tena.

Upande wa bima nao una shimo. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo mfanyabiashara anaikata ili avuke kwenda Kongo, inagharamia madhara kwa mtu wa tatu. Gari lako mwenyewe haliguswi na kadi hiyo. Mwenye bima kubwa aliyebadilisha mfumo wa taa bila kuijulisha kampuni amempa mkaguzi wa madai sababu ya kuuliza maswali, na maswali ya namna hiyo huchukua miezi huku gari likiwa limelala gereji.

Kinachosahaulika ni kwamba gari nyingi za njia hii hazina taa dhaifu, zina taa zilizochakaa. Plastiki ya mbele ya taa hugeuka njano kwa jua, na vumbi la barabarani hulisaidia. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2018 na kukuta taa zilizofifia hivyo zinatoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Kuzisugua kwa msasa laini wa maji na kuzipaka dawa ya kuzilinda ni kazi ya asubuhi moja, na fundi yeyote wa rangi mjini Kasese anaiweza.

Jambo la pili ni nyaya. Mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi kuliko umeme unavyoshuka: voti zikipungua kwa asilimia 10 njiani kutoka betri hadi kwenye balbu, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Gari la miaka 15 lenye nyaya nyembamba na swichi iliyoungua linapoteza kiasi hicho bila mwenyewe kujua. Rilei mbili, waya mnene na fyuzi yake humaliza kazi, pamoja na balbu za H4 za wati 60 na 55 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Zile za wati 100 ziachwe, zinayeyusha soketi.

Anayetaka zenoni kweli kweli atafute taa nzima ya kiwandani ya gari lake, iliyotolewa katika gari la Japani lililovunjwa, pamoja na balasti na mtambo wake wa kurekebisha urefu. Bei yake si ya seti ya dukani, na wengi wakiisikia watarudi kwenye msasa. Mwenye gari lililokuja na zenoni tangu mwanzo anahitaji tu balbu sahihi, D2 au D4 kulingana na gari, na hapo aogope rangi ya buluu: balbu ya Kelvini 4,300 inatoa mwanga mwingi kuliko ya 8,000, ingawa ya pili ndiyo inayosifiwa mjini. LED nazo zipimwe kwa kigezo hicho hicho cha kioo cha kuakisi. Ujerumani iliruhusu baadhi yake kuanzia mwaka 2020, kwa aina za magari zilizopimwa moja moja. Zile za kufunga kwenye gari lolote hazimo.

Baada ya matengenezo yoyote, gari lisimamishwe mahali tambarare mbele ya ukuta, likiwa na mzigo wake wa kawaida na si tupu, na skrubu za taa zirekebishwe hadi mstari wa mwanga ushuke chini ya urefu wa taa zenyewe. Vituo vya mafuta vina ukuta wa kutosha, na fundi mwenye bisibisi hatozi fedha nyingi kwa kazi hiyo.